"Nimelipa komunyo": kisa cha barua ya jumuiya katika parokia moja ya Nairobi

Kisa hiki nakiandika nikiwa mmoja wa waliokosea ndani yake. Mimi ni katekista wa kujitolea, nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kila Jumamosi asubuhi. Nimeondoa majina, mtaa na mwaka, na lolote ambalo lingemfanya jirani aseme "ala, kumbe ni fulani". Mama wa mtoto anayehusika alisomewa rasimu, akaomba jambo moja litolewe. Nimelitoa.

Usuli

Parokia yetu ya Kikatoliki iko upande wa mashariki wa Nairobi, kwenye ploti za ghorofa ambako familia nyingi zinaishi chumba kimoja na watu huhama mwisho wa mwezi bila kuaga. Padre hawezi kumjua kila Mkristo. Kazi hiyo inafanywa na jumuiya ndogo ndogo, familia ishirini au thelathini za jirani zinazokutana mara moja kwa wiki nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili, wakasali na kujua nani anaumwa na nani amefiwa. Maaskofu wa AMECEA, chombo kinachounganisha mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliziweka jumuiya hizi mbele ya kazi nyingine za kichungaji mwaka 1976, na kwa mji kama wetu sijaona mpango uliotufaa zaidi.

Kutokana na hapo tukapata desturi ya barua. Ukitaka ubatizo wa mtoto, komunyo, kipaimara, ndoa, hata misa ya mazishi, unaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Anaandika kwamba anakujua, anatia sahihi na kupiga mhuri. Bila barua, ofisi haifungui faili. Lakini miaka ilivyokwenda, daftari la mahudhurio na daftari la michango vikawa mkononi mwa watu walewale, na barua ikaanza kusomwa kama hati ya kwamba huna deni. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Tulizoea tu.

Mama wa kisa hiki anauza githeri na chapati karibu na steji ya matatu. Biashara yake inaanza saa kumi na moja jioni, watu wanaposhuka kutoka kazini. Jumuiya yake ilikuwa ikikutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Ukishaziweka saa hizo mbili pamoja, sehemu kubwa ya kisa imeshajieleza.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alibatizwa akiwa mchanga kijijini, katika kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia, cha nyumbani kwa nyanya yake. Baba yake mzazi hakuwahi kufunga ndoa na mama, wala ya kanisa wala ya kimila, na hayumo katika maisha yao. Mama sasa anaishi na mwanamume mwingine, Mkristo wa dhehebu jingine, na wana mtoto mdogo. Kwa lugha ya mtaa, ni kamwistei: wanaishi pamoja bila kufunga ndoa. Msichana alikuwa amehudhuria mafundisho miaka miwili, na kati ya watoto arobaini na kitu wa darasa langu yeye ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wenzake kwenye Sala ya Imani.

Orodha ubaoni

Komunyo ya kwanza ilipangwa Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo. Wiki mbili kabla, ofisi ilibandika orodha ya majina. Jina lake halikuwamo.

Kwenye daftari la ofisi, mbele ya jina lake, kulikuwa na mstari mmoja: "barua hakuna, kadi nakala, ndoa?" Alama ya kuuliza ilikuwa ya karani. Mambo matatu yalitenganishwa kwa koma, kama vitu vya aina moja. Nilipouona sikushtuka. Nilishaona mistari ya namna hiyo mara nyingi.

Jumamosi hiyo mama alikuja darasani akiwa bado na aproni. "Mwalimu, jina la msichana wangu sijaliona."

Nikamjibu, "Mama, nenda uongee na mwenyekiti kwanza. Huko kukiwa sawa, huku hakuna shida."

Huo ndio uamuzi wa kwanza katika kisa hiki, na ulikuwa wangu. Sababu yake nikiwa mkweli ni kwamba nilikuwa na watoto arobaini, mashairi ya kufundisha na simu za kushona nguo nyeupe. Kumtuma mtu kwa mwenyekiti kulikuwa jibu la haraka ambalo lilinifanya nionekane nimefuata utaratibu. Sikumuuliza kadi ya ubatizo iko wapi. Sikumwambia kwamba sababu ziko tatu.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, mjane, mwenye moyo. Yeye ndiye anayeosha wagonjwa wasio na ndugu. Alikuwa amekwenda kibandani kwa yule mama mara tatu mwaka huo kumwalika jumuiya, na kila mara aliahidiwa "wiki ijayo, Mama". Alikuwa na jina analowaita watu wanaoonekana tu wakati wa karatasi: Wakristo wa mhuri. Alipofikiwa sasa alifungua daftari na kusema deni la familia ni shilingi 1,850, ujenzi na mavuno na matanga mawili. Alisema pia, na mama amenihakikishia ndiyo maneno yenyewe, "Sisi hatukujui. Tutaandika kwamba tunakujua vipi?"

Ukitoa ule ukali wa jioni, lile ni swali la haki. Barua inayosema nakujua haiwezi kuandikwa na mtu asiyekujua.

Jumanne mama alikopa kwenye chama chake, akatuma zile 1,850 kwa M-Pesa ya mweka hazina. Mwenyekiti aliahidi barua ifikapo Alhamisi. Mama hakungoja. Jumatano asubuhi alikwenda ofisini na simu mkononi, akamwonyesha karani ujumbe wa M-Pesa na kusema, "Nimelipa komunyo. Mniandikie mtoto."

Paroko, padre mkuu wa parokia, alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Aliyoamua paroko, na kwa nini

Alitoka akamwomba mama aketi. Kisha akamwita mwenyekiti na mimi, siku hiyo hiyo saa nane. Aliuchukua ule mstari wa daftari na kuuandika upya kwenye karatasi kwa sehemu tatu, kila jambo na nafasi yake chini. Nimeitunza picha ya karatasi hiyo.

Chini ya "barua" aliandika kwamba mtoto ataingia bila barua, kwa kuwa katekista anamjua kwa miaka miwili na neno lake linatosha. Alinigeukia na kuuliza kama namjua. Nikasema namjua. "Basi mbona hukusema?" Sikuwa na jibu.

Kuhusu pesa alitaka zirudishwe. Hapo ndipo mama alipotushangaza. Alikataa. "Mkinirudishia, kesho watasema sikutoa." Paroko alisita, kisha akaamua ziandikiwe risiti kama mchango wa jumuiya, na neno komunyo lisionekane popote.

Chini ya "ndoa?" alichora mstari akaandika: ya mama, siku nyingine.

Chini ya "kadi" aliandika: leo.

Kutafuta ubatizo

Kadi ya ubatizo ilikuwa imeungua pamoja na vitu vingine chumba chao kiliposhika moto miaka kadhaa nyuma. Kilichobaki ni nakala iliyofifia, namba ya kitabu haisomeki, jina la parokia nusu limekatwa. Mjumbe mmoja wa baraza aliposikia alishauri abatizwe tena kimya kimya, "ni maji tu, dakika mbili". Wanaotoa ushauri huo huwa hawana nia mbaya. Wamechoka na makaratasi. Lakini ubatizo hutia alama isiyofutika, ndiyo sababu kanuni ya 845 ya Sheria za Kanisa inakataza kuurudia, na ubatizo wa masharti (ule wa "kama hujabatizwa") unaruhusiwa tu pale ambapo uchunguzi wa kweli umefanyika na shaka imebaki. Sisi tulikuwa hatujapiga hata simu moja.

Tulipiga. Katibu wa parokia ya kijijini alitafuta mwaka ambao mama alikumbuka: hakuna. Akatafuta mwaka uliofuata: hakuna. Mama akaanza kulia, akiamini sasa hata ubatizo ulikuwa ndoto. Paroko akauliza swali ambalo nimelichukua na kulifanya la kwangu: "Msimamizi wake alikuwa nani?"

Msimamizi wa ubatizo alikuwa shangazi wa mama, yupo hai, na anakumbuka kila kitu kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha wakala wali wa mtoto chini ya turubai. Alikumbuka kwamba walibatizwa watoto sita, na kwamba babu ndiye aliyetaja jina. Katibu akarudi kitabuni, akafuata safu ya wasimamizi badala ya safu ya majina. Akampata. Mtoto alikuwa ameandikwa kwa jina la ukoo la babu yake, na jina la ubatizo liliandikwa kwa tahajia ambayo hakuna mtu Nairobi angeibahatisha. Picha ya ukurasa ilikuja kwa WhatsApp Alhamisi mchana. Cheti chenyewe kilikuja wiki iliyofuata kwenye basi, ndani ya bahasha iliyobandikwa kwa selotepu nyingi kuliko karatasi.

Kama kitabu kingekosa, bado pangekuwa na njia. Kanuni ya 876 inakubali neno la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, mradi halimdhuru mtu, na shangazi yule alikuwa shahidi hasa. Katika miaka yangu ya ukatekista sikuwa nimewahi kuitumia.

Siku ya kuungama iliyompita

Kuna jambo hakuna mkubwa aliyelikumbuka. Watoto wote walikuwa wameungama Jumatano ile, kwa kuwa kitubio hutangulia komunyo ya kwanza. Yeye hakuja, maana aliambiwa hayumo. Ijumaa jioni alikuja darasani peke yake, akasimama mlangoni. "Mwalimu, na mimi dhambi zangu nitaungama lini?"

Padre msaidizi alimsikiliza jioni hiyo. Nguo nyeupe tulimpatia ya msichana wa mwaka uliopita, ndefu kidogo chini.

Matokeo

Msichana alipokea komunyo Jumapili pamoja na wenzake. Mama alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango na hakuenda kupokea.

Wiki tatu baadaye paroko alimwita kuzungumza juu ya ndoa. Ikajulikana kwamba kwa miaka mingi mama aliamini amefungiwa milele, kwa sababu "nilizaa na mwingine kwanza". Kumbe kuzaa nje ya ndoa si kizuizi cha ndoa. Hakuwa amewahi kufunga ndoa na mtu, na mwanamume wake pia. Mwanamume huyo ni mbatizwa wa kanisa lingine, kwa hiyo kinachohitajika ni ruhusa ya askofu kwa ndoa mseto, na ahadi ya mama kwamba atalinda imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Wakatoliki. Mlango uliokuwa ukionekana ukuta ulikuwa na komeo dogo tu. Hata hivyo hawajafunga ndoa. Mahari haijapelekwa, na mwanamume anasema hataingia kanisani kabla ya kwenda kwa wakwe. Sioni kosa katika hilo. Anajua adabu.

Mwenyekiti hakuja jumuiya kwa miezi miwili. Hili nitalirudia.

Uchambuzi: mstari mmoja, mambo matatu

Kosa lililozaa mengine lilikuwa ule mstari wa daftari. Tuliandika mambo matatu ya asili tofauti kama masharti matatu ya mlango mmoja, na mtu aliyekwama kwenye mojawapo akawa amekwama yote.

Swali la ubatizo ni la lazima. Asiyebatizwa hawezi kupokea sakramenti nyingine yoyote, kwa hiyo ofisi lazima ihakikishe, na karani alikuwa sahihi kuuliza. Kosa lake, na letu, ni kumwachia mama kazi ya kuthibitisha. Parokia ndiyo yenye simu ya parokia nyingine, ndiyo inayojua jinsi vitabu vinavyopangwa.

Swali la mchango ni la kweli lakini si la hapo. Wakristo wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, kanuni ya 222 inasema wazi, na anayedhani mapadre wanakula hewa aje aone bili ya maji. Lakini kanuni ya 848 inawataka wahudumu waangalie maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Deni la mama lilikuwa na mahali pake pa kuzungumziwa, nalo ni jumuiya. Liliposogezwa hadi siku ya komunyo likageuka bei. Mama hakukosea aliposema amelipa komunyo. Alikuwa amesoma kwa usahihi kile tulichokuwa tukikifanya. Na hapa natofautiana na paroko wangu kwa heshima: naona pesa zile zingerudishwa hata kwa kumlazimisha, na zipokelewe tena mwezi mwingine, kwa sababu risiti haikufuta alichoelewa. Hadi leo wapo akina mama kibandani pale wanaojua komunyo ya mtoto ni 1,850.

Swali la ndoa halikumhusu mtoto hata kidogo. Nadhani tunajichanganya kwa sababu ya ubatizo wa wachanga. Mtoto mchanga anapoletwa, kanuni ya 868 inataka pawe na tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani, kwa hiyo padre anauliza nyumba ikoje. Ni halali, mtoto hajui kusema. Lakini msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekaa darasani miaka miwili, tumaini hilo unaliona kwa macho, limeketi dawati la pili. Kuhusu komunyo kanuni ya 912 ni fupi: kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anaweza na anapaswa kupokelewa. Kwa watoto kinachoangaliwa ni kuelewa na kujiandaa. Papa Pius X alishauteremsha umri hadi ule wa kupambanua mambo, karibu miaka saba, mwaka 1910. Sisi tunawaweka hadi kumi na moja, kisha tunawauliza kuhusu mama zao.

Kilichosaidia ni kasi ya paroko na lile swali la msimamizi. Pia uamuzi wa kuliweka jambo la ndoa siku nyingine, bila haraka, bila mtoto kusikia. Kama lingejadiliwa Jumatano ile, mama angesikia kwamba ndoa ndiyo bei mpya.

Kilichoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi mwenyekiti alivyosahihishwa. Aliambiwa mbele ya mama, mbele yangu, na mlango bado wazi, kwamba amemfunga mtoto kwa sababu ya pesa. Hakuanzisha yeye desturi ile. Aliikuta, akaitekeleza kwa uaminifu kuliko sisi, na ofisi ilikuwa ikizikubali barua zake miaka yote bila kumuuliza. Alisahihishwa kwa kosa letu sote. Niliponyamaza chumbani mle nilikosea mara ya pili.

Nilikwenda kwake baada ya wiki sita nikiwa na sukari na majani ya chai. Alinikaribisha, akanipikia chai kwa majani yaleyale, akazungumza juu ya mvua. Nilipoomba radhi alisema, "Mwalimu, kunywa chai." Amerudi jumuiya, lakini uenyekiti ameuacha.

Yaliyobadilika, na yaliyobaki

Fomu ya barua sasa ina swali moja: mnamjua mtoto huyu au mlezi wake? Daftari la michango haliji ofisini na barua. Vyeti vya ubatizo vinakaguliwa mwezi wa pili, mara tu mafundisho yanaporejea. Jumuiya ile ilijaribu kukutana Jumatatu, siku ambayo kibanda kimefungwa, na mara mbili imesali nyumbani kwa yule mama, watu wakikaa kitandani na kwenye ngazi.

Kuna kazi moja haijakamilika. Msichana anaingia mafundisho ya kipaimara, na akishakipokea, taarifa lazima ipelekwe kwenye parokia ya ubatizo iandikwe pembeni mwa jina lake. Jina la kitabuni ni la babu, na cheti cha kuzaliwa alicho nacho shuleni kina jina jingine. Nimemwandikia katibu wa kule kuuliza hati gani wanahitaji ili marekebisho yaandikwe. Shangazi amesema, ikihitajika, atakwenda ofisini mwenyewe.